Jiko Lako Ndilo Linalojaza Pipa

Siku hizi mtu akitaja mazingira, kinachofuata ni plastiki: mirija, chupa za maji, mifuko ya nailoni. Plastiki ni kero, hilo halina ubishi. Lakini chukua pipa la taka la nyumba yoyote ya Temeke au Kinondoni, limwage juu ya sandarusi, kisha angalia kilichomo. Utakuta maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mizizi ya mchicha, ugali wa jana, wali uliochacha, nyanya zilizopondeka, magamba ya samaki. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni hizo taka mbichi za jikoni. Plastiki nayo imo, ila imelowa na kunuka katikati ya uchafu huo, kiasi kwamba hata muokota makopo anaipita.

Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi na kupunguza taka kwa mpigo mmoja asianze kwa kwenda dukani kununua mrija wa chuma na mswaki wa mianzi. Vitu hivyo ni ghali, na jambo la kununua ili upunguze taka lina kichekesho chake. Aanzie jikoni, maana huko ndiko pesa nyingi ya nyumba inakokwenda. Nyanya ikioza umeilipia mara mbili: sokoni ulipoinunua, na kwa mzoa taka anapoibeba. Wala si sisi peke yetu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kama asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani, si hotelini wala madukani.

Tuanze na ununuzi. Bei ya jumla inatia tamaa. Ukiigawa ndoo ya nyanya ya sokoni Ilala kwa mafungu, unaona wazi faida anayopata mwenye genge mtaani kwenu. Ila hesabu hiyo inamfaa mwenye familia kubwa. Nyumba ya watu wanne isiyo na friji haimalizi ndoo. Nyanya zitaanza kutoa maji kabla ya wiki kwisha, na nafuu yote itaishia jalalani. Dawa yake ni kuchanga. Wapangaji watatu au wanne wananunua ndoo moja, wanagawana uani siku hiyohiyo, kila mmoja anapata bei ya jumla na hakuna kinachooza. Mafuta ya kula ni vivyo hivyo. Mafuta ya kupima kwa Mangi wa duka la mtaani yanakuokoa siku mfuko umekauka, lakini jumlisha vipimo vya mwezi mzima utakuta lita yako imepita bei ya lita ya mwenye dumu. Dumu la lita 20 la kuchangia linamaliza tatizo hilo, na likiisha mafuta linabaki chombo cha maji kwa miaka. Tahadhari moja tu: madumu yaliyobeba rangi, dawa za mashamba au kemikali za viwandani yasiingie jikoni, hata ukiyasugua namna gani.

Chakula kikishafika nyumbani, kukitunza bila friji kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Ndizi mbivu ziweke mbali na matunda mengine na nyanya, kwa sababu zinatoa gesi inayoviivisha haraka vilivyo karibu nazo. (Ukiwa na parachichi gumu na wageni wanakuja kesho, fanya kinyume chake: lifunge pamoja na ndizi kwenye karatasi.) Viazi mbatata vinataka giza na hewa, vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, na ukijani huo ni dalili ya sumu, basi kata sehemu hiyo yote au kitupe kiazi. Mchicha usiuoshe mpaka wakati wa kuupika. Uviringishe kwenye kitambaa chenye unyevu, uweke mahali penye kivuli. Ndimu zifukie kwenye mchanga wenye unyevunyevu. Nyanya zikianza kulegea usizisubiri: zikaange zote pamoja na vitunguu mpaka maji yakauke, na rojo hilo ukilichemsha asubuhi na jioni litavuka siku mbili.

Kisha kuna kukausha, ufundi ambao watu wa mjini tumeuacha bila sababu. Wasukuma na Wanyamwezi hawakungoja friji. Viazi vitamu vinakatwa vibichi na kuanikwa kuwa michembe, au vinachemshwa kwanza ndipo vikatwe na kukaushwa kuwa matobolwa, na majani ya kunde yanakaushwa kuwa nsansa inayoliwa hadi msimu mwingine. Dar es Salaam ina unyevu mwingi kuliko Shinyanga, kwa hiyo subiri kiangazi, kata vipande vyembamba, na funika kwa kipande cha chandarua kuzuia nzi.

Kuhusu kiporo, nina maneno makali kidogo. Kuna watu wanaona haya kula kiporo, na kuna wengine wanakila hata kikiwa kimelala mezani tangu mchana. Pande zote mbili zinakosea. Wali hasa ni wa kuangaliwa. Ukikaa kwenye joto letu kwa saa nyingi, bakteria hukua humo na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto vizuri. Chakula kilichobaki kisipitishe saa mbili bila kupozwa. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, kisha hamishia kwenye friji, hata kama ni ya jirani. Asiye na friji kabisa apike kwa kipimo. Chukua kikombe kimoja, kifanye kuwa kipimo cha mchele cha nyumba yako, na baada ya wiki moja utajua familia inamaliza vikombe vingapi. Kupima kwa macho ndiko kunakozaa kiporo.

Lakini kiporo kilichotunzwa vizuri ni mali. Wali kidogo ukisagwa pamoja na mchele uliolowekwa unafanya vitumbua viwe laini. Ugali wa jana ukatwe vipande na kukaangwa, uliwe na chai. Mkate uliokauka uchovye kwenye yai na maziwa, uweke kikaangoni. Ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi ponda, changanya na unga na maji, upate chapati za maji ambazo hazihitaji sukari. Na nazi! Wapikaji wa pwani hawajawahi kuitupa nazi hata kidogo. Tui zito likishatoka, machicha yanakamuliwa tena kwa tui jepesi la kupikia maharage. Yakishachoka yanaanikwa na kupewa kuku. Vifuu vinawaka kwa moto mkali kuliko mkaa mwingi unaouzwa leo. Makumbi makavu ni kiwashio kizuri.

Hapo kwenye kiwashio nisimame. Uani mwa nyumba nyingi, mkaa unawashwa kwa mfuko wa nailoni au chupa ya plastiki, mama ameinama juu yake akipepea, na mtoto mgongoni. Moshi ule una sumu, na unaingia kwenye mapafu ya wote wawili kabla ya kupotea hewani. Makumbi, magunzi ya mahindi, maranda ya fundi seremala au karatasi vinafanya kazi hiyohiyo, na vyote vinapatikana bure.

Sasa moto wenyewe. Katika matanuri ya kienyeji, kilo moja ya mkaa inaweza kuwa imekula kilo tano hadi kumi za mti. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Hadi tutakapolifikia, gunia la mkaa lipo uani na pesa inaungua kila siku, na mwenye mtungi wa gesi naye anautazama kwa wasiwasi usije ukaisha kabla ya mshahara. Yanayofuata yanawafaa wote.

Loweka maharage, choroko na kunde tangu usiku. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa muda mfupi zaidi kwa tofauti kubwa, na hii ndiyo akiba rahisi kuliko zote, kwa sababu haikugharimu chochote ila kukumbuka. Mimina maji ya kulowekea kwenye mimea, chemsha kwa maji mapya. Funika sufuria. Na maji yakishachemka, punguza moto: maji yanayotokota kwa fujo na yale yanayotokota polepole yana joto lilelile, kwa hiyo moto wa ziada unatoa mvuke tu. Kwenye jiko la mkaa, maana yake ni kufunga kile kimlango cha chini. Kama jiko lako ni la bati tupu, badala ya kulitengeneza mara ya tatu nunua lenye udongo ndani. Aina hiyo ilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na imedumu kwa sababu inakula mkaa kidogo. Ukimaliza kupika, mkaa uliobaki utie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Ukikosa hewa unazimika wenyewe, na kesho unawaka haraka kuliko mkaa mpya. Chenga zinazobaki chini ya gunia changanya na udongo wa mfinyanzi kidogo au uji wa unga wa muhogo, finyanga matonge, anika hadi yakauke kabisa. Yanawaka taratibu na yanafaa kwa supu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho nashangaa hakipo kila nyumba, ni kapu la kutunza joto. Wengine huliita jiko kapu. Kanuni yake ni fupi: chakula kikishachemka hakihitaji moto mwingine, kinahitaji joto lisitoroke. Tafuta kapu la ukindu lenye kifuniko, kubwa kiasi kwamba sufuria yako ikikaa ndani inabaki nafasi ya kiganja kizima kila upande. Tandika chini na pembeni kwa mablanketi mabovu, kanga zilizochakaa au mto wa sufi. Shona mto mwingine wa kufunika juu. Sifongo ya godoro kuukuu nayo inafaa, ila ivalishe kitambaa.

Matumizi yake ni hivi. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwenye moto mkali kwa dakika 20 mfululizo. Hapo usifupishe: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli tu, na joto la kapu peke yake halitoshi. Kisha bila kufunua, hamishia sufuria kapuni, funika kwa mto, na uiache kwa saa tatu au nne. Usichungulie, kila ukifunua joto linapotea. Ukiitoa, rudisha motoni ichemke tena kidogo, ndipo uunge nazi au nyanya. Wali unachemka dakika tano kwenye moto, na unaiva kapuni kwa muda wa saa moja hivi. Makande, ndizi za nyama na mihogo hufuata mtindo huohuo. Sufuria iwe imejaa vizuri, kwa maana chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa upesi. Na jambo la mwisho: kapu si kabati. Chakula kisikae humo kutwa nzima kikiwa vuguvugu.

Waliobahatika kuwa na jiko la presha la umeme wasiliogope. Watu wengi wanalifungia kabatini wakihofia umeme wa LUKU utaisha, kumbe sufuria ya maharage ndani yake inaiva kwa chini ya uniti moja. Linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo, kwa bei ya mtaani kwako, halafu uamue.

Turudi kwenye pipa. Ukibana namna hiyo bado maganda yatabaki, maana hakuna anayekula ganda la ndizi. Hapa ndipo ndoo ya pili inapoingia, na ndiyo kiini cha makala hii: mbichi peke yake, kavu peke yake. Ukitenga mbichi, zile kavu zinabaki safi, hazinuki, na zina bei. Ukichanganya, vyote viwili vinakuwa uchafu. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza kuanzia nyumbani. Utasema hata ukitenga, gari la taka likija linachanganya zote na kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Ni kweli. Ndiyo maana taka mbichi haitakiwi kufika kwenye gari. Dampo linapoifukia bila hewa inatoa methani, gesi inayochangia joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Ikioza nyumbani kwako penye hewa inakuwa mboji.

Kwa mboji ya nyumba ya kupanga huhitaji shamba. Chukua ndoo kubwa au pipa bovu la plastiki, toboa matundu chini na pembeni kwa msumari wa moto. Weka tabaka la majani makavu au maranda, kisha taka mbichi, kisha funika tena kwa kavu mara mbili ya ile mbichi. Endelea hivyo kila siku. Mara moja kwa wiki geuza kwa kijiti. Ukifinya mchanganyiko mkononi utoe tone moja au mawili; ukichuruzika ongeza makavu, ukiwa vumbi nyunyiza maji. Pipa la mboji linalonuka limekosa makavu, si kwamba mboji hunuka. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vinaita panya. Majivu ya jikoni tia kiasi kidogo tu. Kwa joto la pwani, miezi miwili hadi mitatu inatosha kupata udongo mweusi usio na harufu. Ujaze kwenye kiroba, otesha mchicha; baada ya wiki tatu au nne unachuma. Anayefuga kuku au mbuzi ana njia fupi zaidi, ila maganda ya muhogo ayaanike kwanza yakauke kwa sababu mabichi yanaweza kuwadhuru wanyama.

Taka kavu hazina maneno mengi. Makopo ya plastiki yakunje, yaweke kwenye kiroba. Chuma, mabati na betri kuukuu viende kwa mnunuzi wa skrepa. Pesa yake ni ndogo, nisikudanganye. Ukimpa muokota makopo anayepita mtaani kwenu umemsaidia mwenzio na umelipunguza pipa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, tukaingia kwenye mifuko mbadala. Wachache wanajua kwamba mingi ya mifuko hiyo laini inayofanana na kitambaa ni plastiki vilevile. Thamani yake iko kwenye kurudiwa, basi usipokee mpya kila ukienda dukani. Kikapu cha ukindu bado kinaishinda yote.

Nguo hazitupwi mpaka zipite mikono kadhaa. Kanga tunajua safari yake: ya kuvaa, ya kubebea mtoto, ya jikoni, mwisho dekio. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, winda za kanga kuukuu mchana na pampasi usiku au safarini zitapunguza matumizi ya pampasi kwa zaidi ya nusu. Sitamwambia mama anayefua kwa mikono aache pampasi kabisa. Maji na nguvu zake navyo ni gharama. Shati lililochanika kwapa na viatu vilivyobanduka soli vina mafundi wao kila kona.

Maji ya kuoshea mchele na mboga nyweshea mimea. Ya kufulia suuzia choo, ila yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mchicha. Bomba linalodondosha tone kila sekunde linaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa siku, na kinachohitajika mara nyingi ni kubadilisha mpira wake.

Mpangaji anaweza kufanya karibu yote haya bila kumwomba mtu ruhusa. Pipa la mboji tu ndilo linalohitaji kona ya uani, na wenye nyumba wengi hulikataa kwa kuhofia harufu. Mwenye nyumba unayesoma hapa, toa kona hiyo, iwe mbali na kisima na chini ya kivuli, na waambie wapangaji wako waleteane majani makavu. Ukisikia harufu baada ya mwezi, una haki ya kuliondoa.